Patipati Moja Kwenye Ua wa Miiba

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Itikieni vizuri, mimi si mtu wa kusimama hapa mbele kila Jumapili. Mnanijua, ni Mama Mutheu wa shamba la machungwa, pale kabla ya kufika Sultan Hamud. Wengine mnanijua kwa kile kibao changu cha langoni, kilichoandikwa "Mbwa Kali." Leo nakiri mbele zenu: sijawahi kufuga mbwa. Mkali nilikuwa mimi. Chekeni tu, ni kweli!

Nilikuwa mgumu, ndugu zangu. Marehemu mume wangu aliniachia michungwa arobaini, nami nikaizungushia miiba mpaka kuku wa jirani wakakata tamaa. Susu wangu, yaani nyanya aliyenilea, alitufundisha kwamba mpita njia mwenye njaa akila shambani mwako hajaiba. Mwizi ni yule anayebeba. Mimi nikasema hayo ni ya zamani, watu wa siku hizi wameharibika.

Basi mwaka juzi, wakati wa kiangazi, saa saba mchana, nikamkuta mama mmoja ndani ya ua wangu. Simjui. Ana mtoto mgongoni, ameketi kivulini anamenya chungwa, na maganda ya lingine yako miguuni. Sikumuuliza anatoka wapi. Sikumuuliza kama ni mgonjwa. Nilipiga mayowe ya mwizi! Yule mama akakimbia, akapenya kwenye miiba, mtoto analia, na patipati yake moja ikabaki. Ilikuwa ya kushoto, ya bluu. Akaenda hivyo hivyo, mguu mmoja mtupu kwenye barabara ya moto ya murram. Nami nilifanya nini? Nikaiokota, nikaitundika kwenye ua ili kila apitaye aone aogope. Jumapili nikaja hapa nikaimba kwaya. Mungu anirehemu!

Sasa sikieni. Nina ugonjwa wa sukari. Mwaka jana niliamua kufunga siku tatu ili Mungu aniponye. Pasta wetu alikuwa ametuambia wazi kwamba walio kwenye dawa wasifunge kabla ya kumwona daktari. Nikajifanya sikusikia. Nikasafiri hadi upande wa Mwingi, kwenye kilima ambacho watu huenda kuomba, mbali na wa kunikataza. Chakula nikaacha, dawa ya kushusha sukari nikaendelea kumeza. Hiyo ndiyo akili yangu!

Siku ya pili nikishuka kile kilima, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho baridi likanitoka. Nikaona giza na jua linawaka. Kiatu kimoja kilinivuka, sijui kilibaki wapi. Nilijua nakufa, tena ugenini, na watoto wangu hawajui niko wapi. Mbele yangu nikaona nyumba, na nyuma yake michungwa mitatu. Nikaingia bila hodi, nikachuma chungwa, nikaliuma na ganda lake.

Ndipo mlango ukafunguka. Akatoka mama wa makamo, Mwislamu, amejifunga mtandio. Ndugu zangu, nilingoja mayowe. Nilijua yanavyopigwa, mimi ni fundi wa mayowe! Yule mama akaangalia mikono yangu inavyotetemeka, akarudi ndani mbio, akatoka na kigoda na kisu.

"Keti, mwaitu," akaniambia, yaani mama. "Wacha kula maganda, nakumenyea."

Akanimenyea la kwanza, la pili, la tatu. Akakoroga sukari kwenye maji, akanishikia kikombe mdomoni. Nilipopata sauti nikamwambia naye ale, tusaidiane. Akacheka. Kumbe ulikuwa mwezi wa Ramadhani, naye amefunga! Midomo yake ilikuwa mikavu kuliko yangu, maji ya chungwa yanamtiririka vidoleni, na hakulamba hata tone. Anaitwa Mama Zuhura. Ile michungwa yake mitatu huimwagilia maji ya kuoshea vyombo, kwa sababu maji huko huja kwa punda.

Nilipoweza kusimama, akauona mguu wangu mtupu. Akavua patipati zake, akainama, akanivisha.

"Enda nazo," akasema. "Mimi niko nyumbani."

Hapo ndipo nilipovunjika! Nilitazama miguu yangu miwili imevaa vizuri, nikaona mguu wa yule mama wa shambani kwangu. Nililia mpaka Mama Zuhura akadhani sukari imeshuka tena, akachukua kisu akachuma la nne. Sikuweza kumweleza. Nilitubu palepale, nimerudi kukaa kwenye kigoda chake.

Niliomba niponywe sukari, Bwana akaanza na moyo. Dawa bado nameza, ila siku hizi nakula kwanza, na daktari ameacha kunigombeza. Kibao nimeng'oa. Miiba ya upande wa njia nimekata, na chini ya mchungwa wa kwanza nimeweka benchi na mtungi wa maji. Naam, wako wanaobeba! Juzi mmoja alijaza kofia. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu, mnanijua, ni muujiza. Mama Zuhura nilimrudishia patipati zake, tukala futari pamoja. Asante Yesu!

Wewe mwenye moyo kama ule wangu, usiogope. Mtumaini Bwana, fungua lango lako leo. Usingoje kuangukia la mtu mwingine.

Lakini limebaki jambo moja, na ndilo limenisimamisha. Ile patipati ya bluu hii hapa mkononi. Nimeiosha. Nimeipeleka hadi mji wa Salama, nimezunguka nayo soko la Emali nikiwaonyesha watu hadi wengine wakadhani nimepungukiwa na akili. Sijampata mwenyewe. Mtoto wake sasa atakuwa anatembea. Ndugu zangu, mmoja wenu akimjua, au akisikia mahali popote mama akisimulia jinsi alivyofukuzwa kwa ajili ya chungwa, naomba ampelekee neno langu. Mwambieni hakuna miiba tena. Mwambieni hakuiba.