Nusu Kichwa na Namba Tatu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi, na lina wenyewe. Upande wa mlangoni hukaa Breki, aliyewahi kuendesha lori na anayeapa hajawahi kugonga hata kuku. Wanaomjua wanasema lori lenyewe lilikuwa halitembei. Katikati hukaa Spika, ambaye hakuna aliyemchagua, ila mjadala haufungwi mpaka aufunge yeye. Mwishoni hukaa Dakta, aliyelazwa hospitali miezi miwili kwa mguu uliovunjika akatoka na ujuzi wa magonjwa yote. Muuza kahawa huketi mbele yao kwenye ndoo aliyoipindua, anawamiminia na kuwasikiliza, na haijulikani kazi ipi humchosha zaidi. Tangu juzi kijiwe kilikuwa kimepata sifa mpya. Breki alileta turubai la lori lake la zamani, wakalipandisha juu ya bati la kinyozi na kulivuta mpaka kwenye nguzo za uzio wa mbele, na benchi likapata kivuli cha kutosha kulala usingizi wa mchana. Kinyozi mwenyewe, kijana wanayemwita Mikono, ndiye aliyewashikia ngazi.

Lakini asubuhi hiyo Mikono hakuwa na habari ya kivuli. Alikuwa amepokea ujumbe kwenye simu kutoka kwa mchumba wake: "Baba anakuja kunyoa kwako leo. Hajasema kwa nini. Usiongee sana." Na Jumapili ndiyo siku washenga wa Mikono walipotakiwa kwenda kwa huyo baba kumposa binti. Mikono hakuwa na wajomba karibu, na mtu akikosa wajomba huazima watu wazima alio nao. Aliowaazima ni hao watatu wa benchi.

Mzee alifika jua likiwa limepanda. Hakujitambulisha, ila Mikono alilijua lile paji la uso. Alikuwa amelitazama mwaka mzima kwa binti yake. Mzee akaketi, akafungwa shuka shingoni.

– Upara, alisema. Na wembe usiniguse, ngozi yangu haipatani nao.

Mikono akaanza upande wa kushoto, taratibu, kwa adabu zote alizofundishwa. Alipofika katikati ya utosi, mashine ikalia kama mtu anayepiga miayo, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Upande wa kushoto uling'aa. Upande wa kulia ulikuwa na nywele zake zote na mvi zake.

– Nipe dakika moja, mzee wangu, alisema Mikono, akatoka nje huku jasho jembamba likimshuka mgongoni.

– Umeme umekata, aliwanong'oneza wale wa benchi.

– Umeme gani? Spika aliuliza. Si una sola wewe? Na jua lote hili?

– Kontrola, kile kisanduku cha sola, inaandika namba. Sizielewi.

Spika akaweka kikombe chini.

– Namba, alisema. Hilo ni suala la kijiwe. Twendeni.

Vichwa vitatu vikajipanga mlangoni, mahali kile kisanduku kilipopigwa misumari ukutani. Kwenye skrini yake palichorwa paneli ndogo, halafu betri, halafu taa, na ile taa ilikuwa imezimika. Chini yake namba zilikuwa zinapokezana zamu.

– Soma, Spika aliamuru.

– Kumi na moja nukta sifuri, alisoma Mikono. Sasa imekuwa sifuri nukta moja. Sasa thelathini na nne, ina kidoti na herufi C.

Dakta akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

– Hiyo ya mwisho ni joto la mwili, alisema. Binadamu mzima ana thelathini na saba. Huyu ana thelathini na nne. Huyu amepoa. Wodini kwetu, ukifika thelathini na nne walikuwa wanaita ndugu zako.

– Betri si mtu, alisema muuza kahawa kutoka kwenye ndoo yake.

– Mama, wewe ulilazwa wodi gani?

Muuza kahawa akanywa kahawa yake mwenyewe.

– Tufanyeje, Dakta? aliuliza Mikono.

– Lifunikwe. Lete koti.

Mikono, ambaye siku nyingine angecheka, alilitungua koti lake kwenye msumari akalifunika betri lililokuwa chini ya meza. Mzee kwenye kiti alimtazama kupitia kioo.

– Koti ni kazi bure, alisema Breki. Sikilizeni mtu wa vyombo vya moto. Hiyo kumi na moja ni mafuta. Betri ni tangi, tangi lina lita kumi na moja. Sasa mafuta yapo na gari haliwaki, maana yake nini? Yameganda chini. Lori langu likifanya hivyo nilikuwa nalitingisha.

– Ulikuwa unalitingisha lori? Dakta alishangaa.

– Nilikuwa nawaambia makuli walitingishe.

Wakaliinua betri na koti lake, Breki huku na Mikono huku, wakalitingisha kama mtu anayemwamsha mlevi. Walipolirudisha chini, Mikono akasoma tena skrini.

– Kumi nukta tisa.

– Umemwaga, Dakta alimwambia Breki.

Spika alikuwa amesimama kando, mikono nyuma, akingoja wadogo wamalize.

– Mnatazama namba moja moja, alisema, ndiyo maana hamuoni. Ziunganisheni. Kumi na moja, sifuri, sifuri, moja, thelathini na nne. Hiyo ni namba ya simu.

– Ya nani?

– Ya aliyekitengeneza. Kisanduku kikichoka kinampigia bwana wake. Mnadhani jua letu linaishia humu? Linapita humu tu. Linakwenda kwao, wanalikunja, wanaliweka akiba. Hamjaona siku hizi jua linawahi kuzama?

– Ni kweli, alisema Breki. Hata jana niliona.

– Jana ulikoroma tangu adhuhuri, alisema muuza kahawa. Jua ungeliona wapi?

– Hapa kuna kitufe, Spika aliendelea. Tukikibonyeza tunakata hiyo simu. Breki, njoo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wakabonyeza wawili kwa pamoja, gumba juu ya gumba. Namba zikaruka, zikazunguka, zikarudi zilezile: kumi nukta tisa, sifuri nukta moja, thelathini na nne.

– Imekataa kukata, alisema Spika. Mnaona? Wanatusikiliza.

– Na huyo mzee je? Mikono alinong'ona. Yuko nusu kichwa.

– Mwambie avae kofia aje Jumatatu, alisema Breki. Haraka haraka haina baraka.

– Breki, ni nusu kichwa.

– Nusu shari kuliko shari kamili, alisema Spika. Tena ana sura ya upole, hatadai kitu. Mwambie ndio mtindo mpya, wenzake wote mjini wako hivyo.

Mikono alimkonyeza Spika. Alimkonyeza Breki. Alinyoosha kidevu kuelekea ndani, akatikisa kichwa, akaumauma midomo.

– Nywele zimekuingia jichoni? aliuliza Dakta. Hebu nikuangalie.

– Wazee wangu, nawaomba. Punguzeni sauti.

– Usitunyamazishe, kijana, alisema Spika kwa sauti ileile. Sauti hii hii utaihitaji Jumapili. Maneno ya kufungulia nimeshayapanga. Huyo mkweo akinisikia, atatoa binti na kuku wa kumsindikiza.

Mikono akatamani ardhi ipasuke immeze yeye na meza na betri lake. Kabla haijapasuka, kiti kikalia ndani. Mzee alitoka na shuka lake shingoni, upande mmoja wa kichwa uking'aa na mwingine umekaa kama ulivyoamka. Alilitazama benchi, akaona nafasi ya katikati iko wazi, akaikalia. Nafasi hiyo hakuna mtu aliyewahi kuikalia zaidi ya Spika.

Muuza kahawa akampa mzee kikombe. Mzee akanywa kidogo, akainua uso.

– Hapa pamepoa, alisema.

– Turubai letu hilo, Breki alijibu, kifua mbele. Kazi ya mikono yetu.

– Mmelifunga lini?

– Juzi.

Mzee akamgeukia Mikono.

– Na mashine yako ilianza kuchoka lini?

– Jana jioni ilikuwa inavuta kwa uvivu, mzee wangu. Juzi asubuhi ilikuwa nzima.

– Na hizo namba walizokuwa wanazisoma, maana yake nini?

Nyuma ya mzee, watatu walikuwa wanamfanyia Mikono ishara. Breki alizungusha usukani wa hewani, kumaanisha mafuta. Dakta alijishika paji la uso. Spika aliweka kidole sikioni, kumaanisha simu. Mikono aliwatazama wote. Majibu matatu yalikuwa tayari mdomoni, na lolote kati ya hayo lingemfanya aonekane mtu anayeijua kazi yake. Aliona aibu kabla hata hajalisema.

– Sijui, mzee wangu, alisema. Aliyenifungia aliniambia taa ikiwaka nisiguse kitu. Nami sikumuuliza zaidi. Nilitakiwa kumuuliza.

Mzee akaitikia kwa kichwa, ile nusu yenye nywele ikitikisika.

– Na paneli yako iko wapi?

– Juu ya bati, hapa mbele.

– Hapa mbele wapi?

Mikono akainua kidole amwonyeshe. Kidole kikalenga turubai. Akakishusha kidogo, akakipandisha tena, na popote kilipokwenda kilikuta turubai. Kikabaki hewani.

Benchi lote likainua macho juu. Kisha muuza kahawa akaanza kucheka, akacheka mpaka akalikumbatia birika lisimwangukie.

– Mimi kazi yangu matofali, alisema mzee, wala hakucheka. Lazima yakauke kabla ya kuchomwa. Nikiamka, kitu cha kwanza ninatazama kivuli kimelala wapi.

Hakuna aliyesubiri kuambiwa. Breki alipanda ngazi, Dakta akaishika, na Spika akafungua fundo alilolifunga mwenyewe juzi, akinung'unika kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Turubai likaporomoka na vumbi lake. Jua likaliangukia benchi lote kwa mkupuo, na wote wakakunja nyuso.

Mikono alikuwa amesharudi kwenye kisanduku. Kati ya picha ya paneli na picha ya betri, vishale vidogo vilikuwa vimeanza kutembea, kimoja nyuma ya kingine. Alingoja zamu za namba. Ile ya sifuri nukta moja ilikuwa imeruka, sasa inasoma tano nukta nane. Ile ya thelathini na nne haikujisumbua, ilikuwa palepale. Ile ya kumi nukta tisa ilipanda ikawa kumi na moja na nusu, halafu ikaendelea kupanda polepole, kama maji kwenye ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalodondosha.

– Kumbe hii ndogo ndiyo inayoingia kutoka kwenye jua, alisema, nusu akijisemea mwenyewe. Na hii nyingine ndiyo nguvu iliyomo kwenye betri. Ilikuwa imeishiwa, ndiyo maana kisanduku kilizima taa na mashine. Na hii ya tatu ni joto tu.

– Nilisema joto, alisema Dakta.

– Ulisema tuite ndugu zake, alisema muuza kahawa.

Mikono akaenda kulifunua betri, akalikung'uta koti lake, akalitundika. Nje, benchi lilianza kuwaka. Breki alijipepea kwa kifuniko cha ndoo, Dakta akajitwisha leso, na Spika, ambaye mahali pake palikuwa na mtu, alisimama juani akihamisha uzito mguu huu na huu. Mzee alimaliza kikombe, akaomba cha pili, akakimaliza nacho, bila kusogea. Namba ilipofika kumi na mbili nukta sita, taa iliyochorwa kwenye skrini ikawaka, na mashine ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima ikanguruma yenyewe juu ya meza na kuanza kutambaa kuelekea ukingoni. Mikono aliidaka.

Mzee akarudi kwenye kiti. Mikono akaipangusa mashine. Akaanza upya, na upande wa kulia ukaenda vizuri kuliko wa kushoto. Alimpangusa mzee shingo, akamwonyesha kisogo kwa kioo kidogo. Mzee akajipapasa mbele na nyuma, akatafuta mahali palipoachwa, hakupata.

Akatoka nje na upara wake, akasimama mbele ya benchi. Wale watatu walikuwa wamesharudi kwenye nafasi zao, wameloa jasho.

– Niulize jambo, alisema. Nimeambiwa Jumapili watakuja kwangu watu wazima, watu wenye busara, kumsemea huyu kinyozi kwa binti yangu. Mnawajua?

Breki akamtazama Dakta. Dakta akamtazama Spika. Spika, ambaye hakuna mjadala aliowahi kuuacha wazi, aliinama akatazama ndani ya kikombe chake.

– Mama, alisema kwa sauti ndogo, niongezee kahawa.

Muuza kahawa akaliinamisha birika mpaka mwisho. Likatoa tone moja.

– Imekwisha, alisema.

Mikono alikuwa amesimama mlangoni na brashi mkononi, hathubutu hata kuiweka chini. Mzee alitoa kofia mfukoni, akaikung'uta, akaivaa juu ya upara mpya.

– Basi mkiwaona, waambieni waje na kofia. Kwangu ni uwanja wa matofali, hakuna kivuli.