Kioo Kikizimwa, Nani Anabaki Macho?

Nilisikia kikohozi. Usiku mnene, uzi wa cherehani umekatika, nimenyamaza nautafutia tundu la sindano, ndipo nikakisikia kutoka chumba cha ndani, kikohozi kidogo cha kukwama, kama cha mtu aliyepaliwa na maji. Sijui nilifikaje kule. Nilimkuta mwanangu amecheua maziwa, yamemjaa puani, macho yamemtoka, nikamwinua, nikamlaza kifudifudi mkononi kama daktari alivyonionyesha, nikampigapiga mgongoni, akalia, na sijawahi kufurahia kilio namna ile. Halafu nikashika simu iliyokuwa pembeni ya kitanda chake ili nipate mwanga, kioo kikawaka, na papo hapo simu yangu ndogo iliyokuwa mfukoni mwa aproni ikaanza kutetemeka. Sasa! Sasa ndiyo inaniambia mtoto anakohoa! Maana ile simu ya kitandani kazi yake ni hiyo moja tu, kumsikiliza mtoto na kuiita ndogo, kwa sababu usiku nashona sare za shule chumba cha mbele, na cherehani ikishaanza kunguruma hata ukuta ukianguka sisikii. Uzi usingekatika... Sikuimaliza hiyo sentensi usiku ule na siimalizi leo.

Kulipokucha nikamfunga mwanangu mgongoni, simu ya kitandani mkononi, ndogo mfukoni, moja kwa moja kijiweni. Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya makopo ya rangi, nje ya kibanda cha fundi simu tunayemwita Injinia, rafiki wa mume wangu tangu shuleni. Mume wangu ni dereva wa lori, nyumbani hupita kama mgeni, na Injinia ndiye aliyetupa ile simu kuukuu baada ya kuitengeneza upya ndani kwa mikono yake. Asubuhi ile alikuwa na wenzake wa siku zote: Chaji, anayechajia watu simu kibanda cha pili, Mzee Transista, aliyekuwa fundi redio mpaka watu walipoacha kuleta redio, na muuza kahawa, ambaye kila siku husema anapita tu.

— Shemeji, simu yako ilitaka kuniulia mtoto!

Hata shikamoo kwa Mzee sikutoa. Injinia akaweka kikombe chini.

— Shem, taratibu. Mtoto mzima?

— Mzima, huyu hapa mgongoni, lakini alipaliwa na simu ikanyamaza, ikaniita wakati nimeshambeba, nimeshampiga mgongoni, ameshalia!

— Haiwezekani, akasema Injinia. Simu ile nimeipika mwenyewe. Nimetoa kerneli ya kiwandani nikaweka yangu.

— Kerneli ndiyo mdudu gani tena? akauliza muuza kahawa huku akimimina.

— Ndiyo inayoiamrisha prosesa, ule ubongo wa simu. Sikiliza nikufundishe bure. Prosesa ya simu ile ina vichwa vinane vya kufanyia kazi. Kuna gavana, huyo anaamua vichwa vikimbie kasi gani. Kuna hotiplagi, hiyo inaamua kichwa kipi kilale na kipi kiamke. Nimevipanga vyote mimi. Simu inakaa siku tatu bila kuona umeme!

— Siku tatu, akaguna Chaji. Ndiyo maana kwangu siku hizi wanakuja kuuliza saa tu.

— Na huyo gavana wenu, akauliza Mzee Transista, alipigiwa kura lini? Mbona mimi sikuitwa?

Wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahangaika na fundo la mbeleko, na Mzee akaona, akanyoosha mikono yake.

— Lete mjukuu wangu, mwanangu. Wewe kaa unywe kahawa. Ulale kidogo hata ukiwa umekaa.

Injinia akachukua simu, akabonyeza kitufe, kioo kikawaka, akaiweka juu ya ubao, akaikoholea. Koh! Mfukoni mwangu ndogo ikatetemeka. Akakohoa tena. Ikatetemeka tena.

— Mnaona? Mnaona? Nimesema nimeipika!

Chaji naye akakohoa, ikaita. Muuza kahawa akakohoa, ikaita. Mama mmoja aliyekuwa anakuja na kapu lake akawaona wanaume wazima wameinamia simu wanakohoa kwa zamu, akavuka barabara.

— Basi tatizo ni chaji, akasema Chaji. Dada, hii simu huichaji kwa umeme gani?

— Wa sola, ule wa jirani.

— Haya, mmesikia wenyewe. Umeme wa jua. Jua likizama na wenyewe unalala! Usiku ndani ya betri hamna kitu, kuna usingizi mtupu.

— Acha ujinga, Mzee akamkata. Umeme ni umeme. Hapa kuna jambo la mazoea. Simu imelala na mtoto chumba kimoja tangu amezaliwa. Ishamzoea. Mbwa wako hambwekei mwanao, sembuse simu? Akikohoa fundi inashtuka, mgeni huyo. Akikohoa mwenye nyumba, inasema huyu wetu.

— Mzee, simu haina mazoea.

— Redio zilikuwa nayo! Nilikuwa na redio moja haishiki stesheni mpaka niikalie karibu mimi. Akija mwingine inakoroma.

— Nyote hamjui, akaingilia muuza kahawa, na sasa alikuwa ameshaketi. Hizi simu zinatengenezwa na vijana ambao hawajaoa. Wameifundisha kikohozi cha mtu mzima. Mtoto wamsikie wapi? Kwa simu, mtoto akikohoa ni kama paka amepita.

— Ifundisheni basi! akasema Chaji. Mtoto akohoe mara nyingi mbele yake, izoee.

— Akohoe ili iweje, nimtese? nikasema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

Chaji akainua viganja kuomba radhi. Kisha Injinia, kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliniumiza, akasema:

— Shem, usinielewe vibaya. Unashona usiku kucha, unanyonyesha, mume yuko safarini. Si kwamba ulisinzia, ndogo ikaita, ukaja kuisikia baadaye?

Nilitaka kusimama niondoke. Kama si Mzee kuwa na mtoto wangu ningeondoka, na sijui leo ningekuwa naandika nini. Nikabaki naitazama ile simu juu ya ubao, inang'aa, imechangamka, kila mtu anaigusa ili isizime kioo, Chaji anaigusa, Injinia anaigusa, vidole vyao vinakwenda vyenyewe kama vya mtu anayefukuza nzi. Na ghafla nikakumbuka kitanda cha mwanangu, kwamba pale hakuna wa kuigusa.

— Shemeji, nikasema, kioo kikizimwa, nani anabaki macho?

— Nani vipi?

— Hivyo vichwa vyako vinane. Usiku mimi siigusi. Iko gizani, kioo kimezimwa, na mtoto. Vinalala vingapi, na huyo anayebaki anasikia? Umewahi kuijaribu hivyo?

Injinia akamtazama Chaji, Chaji akatazama kikombe, muuza kahawa akatazama birika. Hakuna aliyewahi. Maana fundi anajaribuje simu bila kuiangalia? Na kuiangalia ni kuiamsha. Miaka yote anazipika simu za watu, hajawahi kuiona hata moja ikiwa imelala.

— Izimeni, akasema Mzee Transista. Asiiguse mtu.

Injinia akakizima kioo, akailaza simu kifudifudi, akaifunika kwa kile kitambaa chake cha kufutia vioo. Tukangoja. Hamjui kungoja kulivyo kazi kwa watu wale. Mkono wa Chaji ukaanza kutambaa juu ya ubao wenyewe, Mzee akauchapa. Muuza kahawa akamimina zamu nzima, tukanywa, tukamaliza. Ndipo Injinia akainamisha kichwa akatoa ishara.

Chaji akakohoa. Mfukoni kimya.

Muuza kahawa akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Kimya.

Mzee akakohoa, na chake kilikuwa cha kweli, cha kifua cha zamani. Kimya. Nilikuwa nimeitoa ndogo, nimeibana kwa viganja vyote viwili nikiiomba itikisike japo kidogo, nionekane nilisinzia, nionekane muongo, sikujali.

Injinia akaondoa kitambaa, akabonyeza kitufe. Kioo kikawaka. Na ndogo ikatetemeka mikononi mwangu, ikatulia, ikatetemeka, ikatulia, ikatetemeka. Vikohozi vyote vitatu, vimekuja pamoja kama wageni waliochelewa gari.

Hapo nikalia. Nililia mbele ya wanaume kijiweni, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

— Kichwa kimoja, akasema Injinia, na hakuwa anamwambia mtu. Kioo kikizimwa nilikiacha kichwa kimoja tu, saba nikavilaza. Na gavana niliyemweka ni mbahili, nilimchagua kwa ubahili wake, hakiruhusu kikimbie hata kwa dawa. Kinasikia, shem. Kinasikia lakini kinajikokota, mpaka mtu aje awashe kioo ndipo wenzake waamke wakisaidie. Mimi nilikuwa nahesabu siku za betri. Nisamehe.

— Nikusamehe baadaye, nikasema. Sasa hivi itengeneze.

Mzee akacheka, na Injinia naye akacheka kidogo huku anapangusa pua. Akafungua ile programu yake ya kupangia kerneli, yenye vimistari vya kusogeza kwa kidole, na safari hii kila alichogusa alinieleza, polepole, kama mtu anayekabidhi funguo. Vichwa viwili visilale kamwe, kioo kiwake kisiwake. Gavana mbahili akaondolewa, akawekwa mwingine ambaye akisikia kishindo anapandisha kasi kwanza, anauliza baadaye. Ile breki ya kasi aliyoiweka kwa saa za giza akaifuta.

— Itakula chaji kama moto, akaonya.

— Iachie waya, akasema Chaji. Dada, usiku nitakupa ile betri yangu kubwa ya akiba, sola ikikwisha unachomeka. Asubuhi unanirudishia nijaze. Na usiniulize bei, nitakasirika.

Tukajaribu upya. Kioo kikazimwa, simu kifudifudi, kitambaa juu, kahawa ikazunguka tena. Injinia alikuwa anatafuna ukucha. Kabla Mzee hajakohoa, mwanangu aliyekuwa amelala kifuani pake akajinyoosha, akacheua kidogo, akakohoa. Kikohozi kile kile, kidogo, cha kukwama. Na kabla sijanyanyuka, mfukoni mwangu ndogo ikatetemeka.

— Kimesikia! Mzee akapiga kelele, akamwinua mtoto wima, akampangusa mdomo kwa kiganja. Kimemsikia mwenye nyumba!

— Basi na wewe Mzee, mazoea yamekwisha? akauliza Chaji.

— Yamekatwa na gavana mpya.

Nilicheka. Tangu usiku ule ndiyo mara ya kwanza kucheka, na nikamwamkia Mzee shikamoo yake iliyochelewa, akaipokea na deni lake, na muuza kahawa akainua birika akalitikisa, tupu, akasema basi yeye alikuwa anapita tu.

Watu hawa sina cha kuwalipa. Mungu awajaze pale nisipofika. Sasa nashona, cherehani inanguruma, na nikitetemeshwa mfukoni nakimbia, mara nyingi nakuta ni kwikwi tu au kiguu kimegonga ukuta, nakaa chini namtazama, nashukuru, narudi kushona.

Siku ile wakati naondoka Injinia alinisindikiza mpaka kona, amemshikia mtoto kofia. Akatazama nyuma kijiweni kama anafuatwa.

— Shem, nina ombi.

— Sema, shemeji.

— Wateja wangu wote wananijia kwa sababu ya siku tatu. Simu zao nitaziita moja moja, nizipange upya, wallahi sitaacha hata moja. Lakini hiyo yako... ukiulizwa aliyeipika, usinitaje. Ikisikika kwamba kuna simu iliyopita mkononi kwangu na haifiki jioni bila waya, nimekwisha mjini.

Nikamwangalia, jicho jekundu, kofia ya mwanangu ameikunja kama noti.

— Shemeji, nikamwambia, na naapa nilimaanisha, simwambii mtu mwingine.