Ndunge Kisilu, Aliyewasomea Wajane Matangazo ya Ijumaa

Alhamisi, tarehe 14 Mei 1964, saa kumi na moja alfajiri, huko Masii, Machakos, alizaliwa Ndunge Kisilu, mtoto wa tatu kati ya sita, akasoma huko huko hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1982, na Februari 1984 akaajiriwa karani katika ghala la mbao Gikomba, Nairobi, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na saba.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Mativo wa Mbiuni, dereva wa baraza la jiji, wakakaa mtaa wa Jericho, wakajaliwa watoto wawili, Ndolo na Ndete. Mativo alifariki Jumatatu, tarehe 6 Aprili 2009, na siku ya mazishi Ndunge, akiwa ameketi kando ya kaburi, aliletewa karatasi akatia sahihi, akidhani ni ile ya kuandika majina ya waliohudhuria, kumbe ilikuwa ya kukubali shamba la Mativo la Mbiuni, hilo hilo alilozikwa, liende kwa mashemeji zake. Tangazo la mirathi likatoka katika gazeti rasmi la serikali, siku thelathini za kupinga zikapita, na Jericho nzima hakuna aliyeliona. Alipokwenda kuuliza, shemeji yake mkubwa alimjibu, "Mama Ndolo, wewe ni mtu wa Nairobi, shamba la nini?" Kesi ilichukua miaka saba, na ilipokwisha shamba lilikuwa limeshauzwa, ndiyo sababu leo tunamzika Lang'ata, mbali na mumewe.

Tangu hapo, kila Ijumaa gazeti hilo lilipotoka alilisoma safu kwa safu kabla ya kupima mbao, wenzake wakimtania, "Mama Ndolo, leo wamekufa wangapi?", naye akiona jina la marehemu wa kwao alimpigia simu mchungaji wa huko, akamtafuta mjane, akamwandikia pingamizi kwa mkono wake. Wajane arobaini na mmoja walibaki katika mashamba yao.

Tarehe 11 Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, sauti ikamwisha, akawa anaandika kwenye daftari. Mwezi Mei, akiwa kitandani, aliliona jina la marehemu mume wa Koki, mama wa watoto wanne huko Masii, ambaye siku yake ya mwisho ya kupinga ilikuwa Ijumaa, tarehe 13 Juni 2025. Alhamisi, tarehe 12, aliandika, "Koki ametia sahihi lile pingamizi?", na Ndete, ambaye kwa siku mbili alikuwa hampati Koki kwa simu, alimwambia ndiyo. Saa tisa na dakika ishirini alasiri Ndunge alifariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi yake, majirani wa Jericho waliopokezana zamu za kupika na kumfulia, na wafanyakazi wenzake wa Gikomba, ambao jeneza hili wamelitengeneza wenyewe.

Pumzika sasa, Mama Ndolo, maana jibu ulilopewa halikuwa la kweli, na Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda mochari, Ndete alifunga safari hadi Masii, akamkuta Koki akichuma mbaazi, wakaenda pamoja mahakamani Machakos, na saa tano na dakika arobaini pingamizi likapigwa mhuri.