Udi Wangu na Ukuta wa Jirani

Magodoro mawili, kabati moja la mvule, kanzu tatu, na miezi minne mwanangu kulala kwa bibi yake Vitongoji. Hiyo ndiyo gharama, nimeihesabu mara mbili. Pesa sikuzitia humo, zitanipandisha presha.

Ndugu zangu wa kikundi, mnanijua kwa kupatana bei. Nilipokwenda kupanga pale mjini Chake, bi mwenye nyumba alitaja kodi, nikamshusha, nikamshusha tena. Alipogoma nikamwambia, "Bibi, mie sitokusumbua hata kwa msumari." Akakubali haraka. Mtu akikubali haraka, jamani, rudi ukautazame ukuta. Mie nilitazama rangi. Mpya, inang'aa.

Vuli haikwisha chumba kikaanza kunuka kama nguo iliyosahauliwa ndooni. Ukutani ikatoka alama ya kijani. Nikasukuma kabati mbele yake, maana ahadi ya msumari niliitoa mwenyewe.

Kilichoniuma ni jirani. Nyumba moja, paa moja, ukuta wake mweupe kama tui. Kila asubuhi kwake kunanukia udi, na watoto wake wanne hawakohoi. Wangu mmoja anawakoholea wote. Nami nikanunua udi. Akichoma kipande, mie viwili. Mwenye nyumba akipita husema, "Mashaallah mwanangu, chumba chako kinanukia." Na nyinyi niliwaambia, hapa hapa, kwamba yule jirani anapendelewa, kuna kitu anampa bibi. Kuna walioitikia kwa kichwa wakaniamini.

Ijumaa moja, baada ya sala, mtoto akashindwa kuvuta pumzi. Jirani ndiye aliyetupakia kwenye vespa yake hadi hospitali. Daktari akauliza, "Nyumbani kuna ukungu?"

"Kwangu kunanukia udi."

"Sikukuuliza kunanukia nini. Na huo moshi nao uache."

Tuliporudi, mie na jirani tukalivuta kabati. Ukuta mweusi mpaka kiunoni, na mgongo wa kabati umeota manyoya.

"Mbona kwako kukavu?" nikamuuliza.

"Kulivuja bomba ukutani. Nikamwambia bi mkubwa, akaleta fundi."

"Ulimwambia tu?"

"Kwani kuna njia nyengine, sheikh?"

Nikaenda, nikamwambia. Bibi hakubisha: upande wangu nao alijua una maji, akapaka rangi, kisha akanisubiri niseme. Yeye kaficha kwa rangi, mie kwa kabati na udi, na aliyekuwa akiuvuta ukungu ni mtoto. Basi nawaambia nilichojifunza: bomba na lipu ni juu ya mwenye nyumba, kufungua dirisha na kusema mapema ni juu ya mpangaji. Kodi ukiishusha vipi, hayo mawili hayashuki.

Bibi kaleta fundi, ukuta umebomolewa na kupigwa lipu upya. Nawashukuru mliokuja kubeba vyombo kuvianika juani, na mama mkwe aliyenilelea mtoto. Karudi juzi. Kalala bila kukohoa. Nilikwenda kusikiliza mara mbili.

Lakini jirani bado sijamwomba radhi. Na wivu, nisiwafiche, haujanitoka: dirisha lake ndilo linaloelekea upepo. Nishaurini, nimpe nini mtu niliyemsema vibaya mbele yenu, naye akambeba mwanangu? Msiniambie udi. Anao.