Povu la Mzee Wenseslaus

Pikapu ilipoacha lami kwenda sokoni Sanya Juu, Mzee Wenseslaus alikuwa ameshamweleza Priska, nesi mstaafu aliyemkuta juu ya magunia ya maharage, kwamba mkojo wake unatoa povu kuliko pombe ya mbege ya harusini. “Protini inavuja, mama. Hospitali wamenipa vidonge vya presha, nimeviacha. Kinachovuja si kinajazwa? Leo nanunua beberu, nakunywa kisusio, supu ya damu yake, wiki nzima!”

“Mzee, umewahi kuchimba mfongo, mfereji wa maji ya shamba?”

“Mimi? Wa kwangu ulipandisha maji mlimani.” Abiria wakacheka, yeye hakuona cha kuchekwa.

“Basi ukibana njia ya kutokea, maji yanajaa, yanabomoa kingo. Figo zako zinaamsha homoni inayobana mshipa wa kutolea damu. Damu inalisukuma chujio la figo mpaka protini inapenya. Kidonge cha presha ulichoacha kinalegeza pale. Huyo beberu wako atalizidishia chujio kazi.”

“Mbona sisikii maumivu?”

“Figo hazipigi kelele, baba. Na hiyo miguu?”

Miguu ilikuwa imevimba hata viatu havifungiki. Wenseslaus alikuwa na hadithi tayari, ya nyuki wa msituni, lakini Priska alishambonyeza kwa kidole juu ya kifundo, na shimo likabaki palepale, mbele ya watu.

Pikapu ikasimama. Mzee akalitazama lile shimo muda mrefu kuliko alivyopenda. “Haya,” akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, “shuka basi unichagulie beberu aliyekonda.”