Gauni Lililoombewa

SHANGAZI: Haloo! Nani mwenzangu? Sema upesi, nina pini mdomoni.

BIBI HARUSI: Shikamoo, Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba. Nani wewe unayenong'ona kama mwizi wa kuku?

BIBI HARUSI: Ni mimi jamani. Mwanao.

SHANGAZI: Bibi harusi! Ngoja niziteme hizi pini. (anazitema) Haya. Kesho unaolewa, leo unanong'ona. Uko wapi?

BIBI HARUSI: Bafuni, kwa mama mkwe. Nimefungulia bomba wasinisikie.

SHANGAZI: Wasikusikie unasema nini?

BIBI HARUSI: Si kitu. Nilitaka kukusalimia tu.

SHANGAZI: Thubutu! Wiki nzima wamekuhamishia huko, eti bibi harusi hawezi kutoka kwenye nyumba isiyosaliwa, na wewe kimya. Leo unanikumbuka ukiwa bafuni. Toa la moyoni.

BIBI HARUSI: Shangazi, lile gauni—

SHANGAZI: Limebana?

BIBI HARUSI: Hapana, limenikaa vizuri mno. Ninalo mwilini hapa.

SHANGAZI: Umevaa satini yangu bafuni na bomba linamwaga maji? Toka humo! Toka, nenda chumbani!

BIBI HARUSI: Natoka, natoka... (mlango unalia) Haya, niko mbele ya kioo. Ila usikasirike.

SHANGAZI: Mimi nikiambiwa nisikasirike ndio naanza.

BIBI HARUSI: Liliombewa.

SHANGAZI: Nini kiliombewa?

BIBI HARUSI: Gauni. Jana. Mama mkwe alisema haliwezi kuingia kanisani hivihivi, kwa sababu limeshonwa na mikono... yaani mikono ambayo...

SHANGAZI: Ambayo haisali. Maliza tu, neno halikuumi ulimi.

BIBI HARUSI: Basi ndiyo hiyo.

SHANGAZI: Na cherehani je? Nayo ina dhambi, au imesamehewa kwa kuwa ni chuma?

BIBI HARUSI: Shangazi!

SHANGAZI: Nauliza tu. Wakaliombea. Maneno hayachafui nguo. Mbona sauti yako ina machozi?

BIBI HARUSI: Walitumia mafuta.

SHANGAZI: Mafuta. Kwenye satini nyeupe.

BIBI HARUSI: Kidogo tu. Kifuani.

SHANGAZI: Yale ya kichupa, yanayonukia?

BIBI HARUSI: Yale yaliisha. Walibariki magari ya msafara yote, kichupa kikakauka.

SHANGAZI: Kwa hiyo?

BIBI HARUSI: Wakachukua ya jikoni.

SHANGAZI: Ya chupa mpya?

BIBI HARUSI: (kimya)

SHANGAZI: Haloo? Ni mtandao au ni aibu?

BIBI HARUSI: Yalikuwa kwenye kikaango, Shangazi. Yalikuwa yamekaangiwa samaki.

SHANGAZI: (anacheka) Ha! Ngoja nikae. Ngoja nikae chini nisije nikavunjika kiuno. Nabii gani huyo anaombea nguo kwa mafuta ya samaki?

BIBI HARUSI: Usicheke, linanuka! Na wifi akasema lipigwe pasi ya moto ili likauke. Sasa doa limekuwa kubwa kama kiganja, rangi ya chai.

SHANGAZI: Pasi juu ya mafuta? Hao watu wana ugomvi na mimi au na nguo? Basi sikiliza. Hilo doa halitoki, pasi imelioka. Sabuni utaionea bure.

BIBI HARUSI: Nimekwisha!

SHANGAZI: Hujaisha. Nilibakiza kitambaa, mimi sikati satini ya harusi bila akiba. Nabandua kipande chote cha mbele, naweka kingine. Jioni unalo.

BIBI HARUSI: Kweli, Shangazi? Mungu akubariki! Yaani... samahani.

SHANGAZI: Naipokea baraka yako, usiimwage barabarani.

BIBI HARUSI: Basi nimtume dereva akuletee?

SHANGAZI: Aniletee na wewe ukiwa ndani yake? Kifua hupimwa mwilini, hakipimwi kwenye mfuko. Nakuja na kikapu changu sasa hivi. Ni mitaa miwili tu.

BIBI HARUSI: (kimya)

SHANGAZI: Haloo? Haloo?

BIBI HARUSI: Nipo.

SHANGAZI: Nilifikiri umekatika.

BIBI HARUSI: Ni kwamba... nyumba hii wameshaifunga kwa maombi. Wanasema mtu ambaye... subiri, Mama yupo mlangoni. (mnong'ono) Anauliza naongea na nani.

SHANGAZI: Mwambie.

BIBI HARUSI: Nimemwambia. Anakusalimia sana.

SHANGAZI: Hakunisalimia. Amesema, "Yule mpagani." Simu hii ni mbovu, lakini si kwa upande huo.

BIBI HARUSI: Anasema unaweza kuja, ila... upite jikoni. Mlango wa nyuma.

SHANGAZI: Mimi ni shangazi yako au mtungi wa gesi?

BIBI HARUSI: Ni kwa leo tu, jamani. Wageni wamejaa sebuleni.

SHANGAZI: Mlango wa nyuma! Haya mambo ya milango ya nyuma nayajua mimi. Kwaya ilikataa majoho yangu nikiwa nimebakiza kola tu, kisa mshonaji hasali. Mwenye nyumba naye kanieleza nitafute pengine, wapangaji wanaota ndoto mbaya. Mchungaji na shehe wa mtaa huu hawajawahi kukubaliana hata kuhusu kipaza sauti, lakini juu yangu wamekubaliana. Nimewapatanisha, hata asante sikuambiwa.

BIBI HARUSI: Najua, Shangazi.

SHANGAZI: Hujui. Mlango wa mbele wa duka langu umeota utando wa buibui, lakini wa nyuma una foleni. Wanapita uchochoroni na mitandio usoni. Hivi tunavyoongea, unajua ni nguo ya nani hii niliyoichoma pini?

BIBI HARUSI: Ya nani?

SHANGAZI: Ya mke wa mchungaji. Ananenepa kwa neema.

BIBI HARUSI: (anacheka) Shangazi, na wewe lakini. Siku ile ya kutambulishana, Mama alipokupa heshima ya kuombea chakula, ulishindwa nini? Ungefumba macho, ukasema "Amina", yakaisha.

SHANGAZI: Niliulizwa, nikajibu. Nikasema, "Mimi sisali, mama, lakini karibuni, chakula kinapoa." Nilitukana?

BIBI HARUSI: Vijiko vilianguka!

SHANGAZI: Na walikula sahani mbilimbili. (mkwaruzo kwenye laini) Haloo? Basi yameisha. Niambie kitu kimoja. Kesho nakaa wapi?

BIBI HARUSI: Kesho?

SHANGAZI: Kanisani. Nimeshona langu la kijani. Nakaa mstari wa ngapi?

BIBI HARUSI: Vocha yangu ni ndogo, Shangazi, tuongelee gauni kwanza—

SHANGAZI: Mstari wa ngapi, mwanangu?

BIBI HARUSI: Mama alisema... ingekuwa vizuri upumzike. Tungekuletea chakula nyumbani. Na picha.

SHANGAZI: Na picha.

BIBI HARUSI: Si mimi, Shangazi. Mimi sikusema.

SHANGAZI: Ulisema hapana?

BIBI HARUSI: (kimya)

SHANGAZI: Yule mjomba wa mumeo, aliyefungwa kwa kuuza kiwanja cha mjane, atakuwepo?

BIBI HARUSI: Atakuwepo.

SHANGAZI: Mstari wa ngapi?

BIBI HARUSI: Wa mbele. Lakini ameokoka!

SHANGAZI: Na mjane ameokolewa? Au bado anapanga chumba?

BIBI HARUSI: Usinifanyie hivyo. Unafikiri mimi nafurahi? Kila siku nasikia habari zako hapa, nainamisha kichwa. Juzi Mama aliwaambia wamama wa kikundi kwamba hajawahi kusikia msichana anayesali kama mimi. Akasema ni muujiza, kwa mtoto aliyelelewa na... na mtu kama...

SHANGAZI: Kama mimi. Sala gani hiyo iliyowashangaza?

BIBI HARUSI: Ile yangu. Niliyozoea.

SHANGAZI: "Asante kwa siku iliyopita, asante kwa blanketi."

BIBI HARUSI: "Asante kwa taa na kwa aliyeiwasha." Ndiyo hiyohiyo. Wameipenda, wote wameikariri. Sasa wanafungulia kikao nayo.

SHANGAZI: (anacheka sana)

BIBI HARUSI: Nini?

SHANGAZI: Kikundi kizima! Na mwenyekiti wao!

BIBI HARUSI: Kwani kuna nini? Sala ya zamani, si uliitoa kwenye kitabu?

SHANGAZI: Kitabu gani? Niliitunga mimi, nikishona vifungo.

BIBI HARUSI: (kimya)

SHANGAZI: Haloo?

BIBI HARUSI: Wewe?

SHANGAZI: Mama yako pale hospitali alinishika mkono, akaniambia, "Wifi, mtoto asilale bila kusali." Kaka yangu alishakufa, nani mwingine wa kuambiwa? Nikamwahidi. Sala zao nilikuwa sizijui vizuri, na nyingine zina maneno ya kumtisha mtoto. Basi nikatunga ya vitu ulivyokuwa ukiviona. Blanketi. Taa.

BIBI HARUSI: Lakini ulikuwa unapiga magoti na mimi. Kila siku. Nakumbuka, goti lako lilikuwa linalia.

SHANGAZI: Linalia mpaka leo.

BIBI HARUSI: Na ulikuwa huamini.

SHANGAZI: Hata kidogo.

BIBI HARUSI: Kwa hiyo miaka yote ulikuwa unanidanganya.

SHANGAZI: Nilikuwa nakulaza, mwanangu. Ulikuwa husinzii.

BIBI HARUSI: Ulikuwa unafumba macho?

SHANGAZI: Hapana. Nilikuwa nakuangalia wewe.

BIBI HARUSI: (analia) Shangazi...

SHANGAZI: Usilie juu ya satini! Mafuta ya samaki yanatosha!

BIBI HARUSI: Sasa mbona siku ile ulikataa? Kama uliweza kwangu kila siku, ungeshindwaje mara moja tu mbele ya wakwe?

SHANGAZI: Kwako ilikuwa ahadi kwa wifi yangu. Kwao ingekuwa woga. Unaniumiza, mwanangu, na nakwambia waziwazi. Sikuumizwa na majoho ya kwaya, wala na mwenye nyumba. Hiki kiti ulichoninyima kesho ndicho kimenikata.

BIBI HARUSI: Shangazi, nisikilize. (mlio wa simu) Vocha inaisha. Lile la kijani—

SHANGAZI: Sikusikii, mtandao—

BIBI HARUSI: Nasema lile gauni lako la kijani, lipige pa—

SHANGAZI: Nilifanye nini? Haloo? Haloo! Ala!

(Simu imekatika. Shangazi anapiga yeye. Inaita, inaita.)

MAMA MKWE: Haloo? Nani huyo?

SHANGAZI: Shangazi wa bibi harusi. Mpe simu mwanangu.

MAMA MKWE: Nitampaje na hayupo? Simu kaitupa kitandani, katoka mbio! Na gauni mwilini! Na doa kifuani! Hata viatu hakuvaa!

SHANGAZI: Katokea mlango gani?

MAMA MKWE: Wa mbele! Katikati ya wageni! Nikamwambia, "Pita basi nyuma, watu wasikuone," akanikodolea macho kama sijui nini!

SHANGAZI: Hakusema kitu?

MAMA MKWE: Amesema! Eti kiti cha shangazi yake kisipokuwa mstari wa mbele kesho, na yeye asitafutwe. Kanisemea hayo mimi, mbele ya dada zangu! Sasa niambie, hayo ndiyo malezi?

SHANGAZI: Ndiyo hayo. Na kiti je?

MAMA MKWE: Mjomba... anaweza kusogea.

SHANGAZI: Asogee mbali kidogo, nitakuwa na mkoba.

MAMA MKWE: Na kuna neno jingine kalisema akiwa mlangoni. Kuhusu ile sala. Ya blanketi. Eti... (mkwaruzo) Ni kweli?

SHANGAZI: Kweli nini?

MAMA MKWE: Kwamba ni yako.

SHANGAZI: Ni yake. Mimi nilishona tu.

MAMA MKWE: Jamani! Nimewafundisha wamama wote wa kikundi! Mchungaji mwenyewe aliipenda!

SHANGAZI: Endeleeni nayo, haichuji. Ngoja... namwona. Anavuka barabara, kainua pindo kwa mikono miwili, na miguu peku. Pikipiki zote zimesimama. Ala, huyu mtoto! (sauti mbali na simu) Taratibu, mwanangu, utalikanyaga!

MAMA MKWE: Fundi...

SHANGAZI: Leo nimekuwa fundi? Sema, mama, nina kazi.

MAMA MKWE: (kwa sauti ya chini) Langu nalo la kesho linanibana. Huku makwapani. Nilikuwa nafikiri... jioni jioni, giza likiingia, nipitie ule uchochoro wako—

SHANGAZI: Njoo sasa hivi kabla sijaanza la mwanangu. Lakini upite barabarani, mama, mlango wa mbele. Wa nyuma nimeufunga.