Wiebren Haitsma na Ndege ya Bandani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Wiebren Haitsma, dereva wa lori la maziwa aliyejenga ndege bandani kwake. Alifariki wiki iliyopita, akiwa na miaka sabini na minne. Amefariki mbali na hapa, na nitawaambia ni wapi, kwa sababu habari yenyewe iko hapo.

Wengi wenu mlimjua. Ndiye aliyekuja kuchukua maziwa mashambani kwenu, huku kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, miaka nenda miaka rudi. Mlimkaribisha kahawa, akainywa amesimama, mkono mmoja umeshika mlango wa lori. Kanisani alichagua benchi la mwisho, ukingoni kabisa, na wimbo wa pili ulipoanza alikuwa tayari nje, anazunguka makaburi. Mkewe, Sjoukje, ameniambia kwa simu: "Nikimenya viazi namsikia yuko darini. Nikipakua, yuko kwa jirani. Mume wangu nimemla kwa macho tu, akipita."

Mtu wa kuhangaika, basi. Lakini palikuwa na kiti kimoja kilichomweka.

Alikiona kwenye uwanja wa vyuma chakavu, siku alipokwenda kutafuta kioo cha lori. Kilikuwa ndani ya pua ya ndege ya abiria ya zamani, ya injini nne, iliyokatwa nyuma ya chumba cha marubani. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha rubani. Wiebren akaingia, akawafukuza kuku, akakaa. Mwenye uwanja anasema alikaa mpaka yeye mwenyewe akaanza kuwa na wasiwasi, akaenda kumchungulia kama bado anapumua.

Pua ile ikaletwa kwa tela la viazi sukari. Ikaingizwa bandani, ng'ombe walikokuwa zamani. Jirani yake Harmen Postma, fundi umeme mstaafu, akaitwa aje aangalie waya kidogo. Hiyo kidogo ikawa miaka zaidi ya kumi. Walisugua kutu, wakashona viti, wakafufua saa za vipimo moja baada ya nyingine, wakaziunganisha na kompyuta. Mbele ya vioo wakatandaza skrini kubwa iliyopinda. Ukikaa ndani, injini zinanguruma, sakafu inatetemeka, na njia ya kurukia inakujia mbio. Ndege haitoki bandani. Lakini tumbo lako halijui hilo.

Watu wakaanza kuja. Walikuja watoto, marubani wazee, hata maharusi. Kijijini wakambatiza jina, Kapteni wa Bandani. Hakuchukia.

Mimi nami nilikwenda, na kinasa sauti changu, kutengeneza kipindi. Akaniweka kiti cha kushoto, cha rubani. Tukaondoka uwanja wa ndege wa Schiphol kwenye mvua. Nilikuwa nimeukamata usukani kwa mikono yote miwili, jasho linanitoka.

"Legeza, bwana," akaniambia. "Ndege inataka kuruka. Wewe ndiye unayeizuia."

Nikalegeza, na kweli ikatulia. Tukavuka mawingu. Ndipo nikamwuliza swali ambalo kila mtangazaji angeuliza. Nikamwuliza, katika safari zake zote za kweli, ni nchi gani ilimpendeza zaidi kuitazama kutoka juu.

Wiebren akafungua mkanda, akainuka, akatoka nje. Akaniacha angani peke yangu! Harmen ndiye aliyekuja mbio akakaa mahali pake, akatutua. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba Wiebren hajawahi kupanda ndege. Hata mara moja.

Wasikilizaji wapendwa, sikuitangaza habari hiyo. Leo ninaitangaza kwa ruhusa ya Sjoukje, na ya binti yao.

Binti yao anaitwa Gerbrich. Ni mtoto wao pekee. Aliolewa na mkulima wa ngano, akahamia Saskatoon, kule Kanada. Siku ya kwenda harusini, Wiebren alivaa suti, akafika Schiphol, akatembea mpaka kwenye mlango wa ndege. Sjoukje akatangulia kuingia. Alipogeuka, mumewe hayupo. Akaenda peke yake, na Gerbrich akaingia kanisani akishikwa mkono na baba mkwe. Mjukuu wa kwanza alipozaliwa, wakajaribu tena. Safari hiyo hakushuka hata kwenye gari.

Gerbrich akapiga simu. Sjoukje alikuwa jikoni, na simu ilikuwa na sauti kubwa, kwa hiyo alisikia kila neno.

"Watu baki unawarusha dunia nzima," alisema Gerbrich. "Mimi mwanao huwezi kunifikia. Baki na banda lako, Baba."

Baada ya hapo waliongea siku za Krismasi tu, na waliongea habari za hali ya hewa. Wiebren akazidi kuhangaika. Alistaafu, lakini aliamka na kuendesha baiskeli kwenye zile zile njia za maziwa, shamba hadi shamba, bila cha kuchukua.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Sjoukje akamwambia Gerbrich. Na vuli moja, bila kumwarifu yeyote, Gerbrich akaja. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akamkuta baba yake na Harmen wamelala chini ya mitambo. Harmen ndiye aliyenisimulia. Anasema hapakuwa na kukumbatiana. Gerbrich alikaa kiti cha kulia, na koti lake mwilini, akafunga mkanda.

"Nipeleke nyumbani kwangu," akasema.

Wiebren akamweleza kwamba kompyuta inaweza kuruka mbele, watafika mara moja. Gerbrich akakataa. Alitaka safari nzima, saa kwa saa, kama aliyoipanda yeye kuja kuwaona.

"Ni mwendo wa saa tisa, binti yangu. Sitaweza kukaa."

"Basi utasimama hewani."

Wakaruka. Harmen akatoka, akafunga mlango wa banda. Sjoukje alikuwa akiwapitishia dirishani kahawa na vipande vya mkate wa sukari, na kila alipochungulia, mumewe alikuwa bado amekaa. Juu ya Bahari ya Kaskazini walisomeana vipimo tu. Juu ya Islandi walibishana kuhusu upepo. Ilikuwa Grinilandi, barafu imejaa skrini nzima, ndipo Wiebren alipoanza kusema, macho mbele.

"Siku ile sikuogopa kuanguka," alimwambia. "Niliwaona watu wamekaa safu kwa safu, na yule mhudumu amesimama tayari kufunga. Niliogopa kufungiwa. Miguu ilitoka yenyewe. Nilijikuta kwenye maegesho, nimesimama kando ya gari, nalia."

Gerbrich ananiambia alimjibu, "Mimi nilidhani hukumtaka mume wangu."

Wakatua Saskatoon. Gerbrich ndiye aliyetua, vibaya, magurudumu yakapiga mara tatu. Waliteremka wakiwa wamekauka viungo, wakacheka sana.

Mwezi wa Mei uliofuata, Wiebren Haitsma alipanda ndege. Ya kweli. Sjoukje alimshika mkono mlango ulipofungwa, na anasema bado kidole kimoja kinamuuma. Wiebren alitembea kwenye ujia kati ya viti kutoka mbele hadi nyuma mpaka mhudumu akachoka kumkemea, akampa kazi ya kukusanya vikombe. Calgary wakabadilisha ndege, ikabidi aingie mlangoni mara ya pili. Akaingia. Jioni Harmen akapata ujumbe wake: "Nimetua. Njia yao ya kurukia ni fupi kuliko tulivyoichora. Irekebishe."

Alikaa na wajukuu. Ninaposema alikaa, mnajua ninachomaanisha. Alizunguka mashamba ya ngano mchana kutwa, na mdogo wao akimfuata nyuma. Na hapo, kando ya shamba, moyo wake ukasimama.

Hapa kijijini kaburi lake lilikuwa tayari, karibu na wazazi wake. Watu walidhani ataletwa. Wengine wamekasirika kwamba haletwi. Sjoukje amenituma niwajibu, kwa maneno yake mwenyewe: "Alihangaika sana kufika kwa mwanawe. Amefika. Simfungii tena mlango wa ndege."

Amezikwa Saskatoon, jana.

Sjoukje, Gerbrich na wanao, na wewe Harmen unayetusikiliza bandani, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote tuliowahi kumwekea mzee yule kahawa mlangoni.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, yuko mtu anayewasubiri mahali fulani, na mmemwambia mara nyingi kwamba mtakwenda. Kama hamwezi, mwambieni leo kinachowazuia. Yeye huenda amejipa sababu nyingine, na anaishi nayo.